Kuomba makazi ya kudumu Kanada: mwongozo kwa watu wa Lubumbashi na jamaa zao waliobaki nyumbani

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu wa Lubumbashi aliyekwenda Kanada kwa kibali cha masomo au cha kazi, akakaa huko kihalali kwa miaka kadhaa, na ambaye sasa amechoka kuhesabu tarehe za vibali na anataka kuomba makazi ya kudumu. Unawahusu vilevile jamaa zake waliobaki Katuba, Ruashi au Kampemba, kwa sababu sehemu kubwa ya karatasi zitakazotakiwa imo katika masanduku yao au katika madaftari ya komini zao. Waombaji wengi huanza na hesabu ya pointi na mtihani wa lugha, wakaziacha karatasi za nyumbani hadi mwaliko wa kutuma ombi unapofika, na hapo ndipo wanapogundua kwamba siku 60 za kukamilisha ombi hazitoshi kupata hukumu ya mahakama, kungoja muda wa rufaa upite, kuiandikisha hukumu hiyo komini na kuituma ng'ambo. Ndiyo maana nimezitanguliza kazi za Lubumbashi, ingawa tovuti ya serikali ya Kanada inazitaja karibu na mwisho.

Hatua ya 1: Kujua programu inayokuhusu

Kwa mtu ambaye tayari anafanya kazi ndani ya Kanada, nje ya Québec, programu ya kutazama kwanza ni ile inayoitwa «catégorie de l'expérience canadienne», ambayo husimamiwa kupitia Entrée express, mfumo ulioanza Januari 2015 na unaowapanga watu kwa pointi na kuwaalika kutuma ombi. Sharti lake kuu ni kuwa umefanya kazi ya ujuzi nchini humo kwa mwaka 1 angalau, yaani saa 1,560, katika miaka 3 iliyotangulia ombi lako. Unaweza kuzikusanya saa hizo kwa kazi ya muda wote au ya nusu siku, lakini hata ukifanya saa 60 kwa wiki huwezi kuumaliza mwaka ndani ya miezi 6, kwa kuwa zinazohesabiwa ni saa 30 tu kwa kila wiki.

Kazi ya ujuzi ina maana maalumu hapa. Kanada imezipanga kazi zote katika ngazi za FÉER, yaani za masomo na uzoefu unaotakiwa, kuanzia 0 hadi 5, na zinazokubaliwa ni ngazi 0, 1, 2 na 3. Msaidizi wa wagonjwa katika nyumba ya wazee yumo katika ngazi ya 3, na dereva wa lori la masafa marefu yumo pia. Mtunza kasha wa duka, mfagiaji wa ofisi na mbeba mizigo wa ghala wako katika ngazi ya 5, na miaka yao yote haihesabiwi katika programu hii hata wangeifanya kwa bidii namna gani. Vilevile hazihesabiwi saa ulizofanya ukiwa bado mwanafunzi wa muda wote, wala kazi uliyojiajiri mwenyewe. Nimeona hesabu za familia zikivunjika kwa sababu ya jambo hili moja: kijana amekaa Ottawa miaka 5, wazazi wanaamini kwamba «muda umetimia», kumbe miaka 4 kati ya hiyo ilikuwa ya masomo na mwaka wa mwisho ameupitisha ghalani.

Mwenye kuishi Montréal au Gatineau anapaswa kujua kwamba Québec huchagua yenyewe wahamiaji wake wa kiuchumi, kwa mujibu wa makubaliano yake na serikali kuu ya mwaka 1991. Huko mtu hujiandikisha katika mfumo wa Arrima, na akichaguliwa hupata cheti cha kuchaguliwa na Québec, CSQ, kabla ya kuomba makazi ya kudumu. Fomu ya Entrée express inakuuliza unakusudia kuishi wapi, na kuandika Ontario huku ukijua kwamba hutatoka Québec ni uongo unaoweza kukugharimu, kama nitakavyoeleza mbele.

Kuna pia mpango mdogo wa majaribio ulioanzishwa mwaka 2025 kwa ajili ya miji yenye jamii za wasemaji wa Kifaransa nje ya Québec, kama vile Sudbury na Timmins katika jimbo la Ontario. Mpango huo unahitaji mwajiri wa mji husika. Nautaja kwa sababu Sudbury ni mji wa machimbo ya nikeli na shaba, na fundi aliyekulia kando ya viwanda vya Gécamines hatajiona mgeni kabisa huko.

Hatua ya 2: Kusawazisha majina

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Sisi tuna nom, postnom na prénom. Fomu za Kanada zina nafasi mbili tu, jina la familia na majina ya kupewa. Juu ya hilo, kila ofisi ya Kongo iliyokuandikisha ilifuata desturi yake: shule iliweka nom na postnom, parokia ikaweka prénom mbele, komini ikaacha herufi moja, na aliyetoa pasipoti akafuata kile alichokiona kwenye kadi ya mpiga kura. Tuseme diploma yako ya taifa inakuita Ilunga Kabwe, pasipoti Ilunga Kabwe Patient, na karatasi ya ubatizo Patient Ilunga. Kwa mtu wa Lubumbashi huyo ni mtu mmoja bila shaka yoyote. Kwa afisa anayesoma faili akiwa mbali, wanaweza kuwa watu watatu, na kazi ya kuthibitisha kwamba ni mmoja ni yako.

Kanuni ni nyepesi: katika kila fomu andika jina jinsi lilivyo katika pasipoti yako, kwa herufi zilezile, hata kama kuna tahajia usiyoipenda. Fomu ina swali linalouliza kama umewahi kutumia jina lingine, na hapo ndipo unapoorodhesha sura zote nyingine za jina lako, pamoja na majina ya shuleni. Kisha andika barua fupi ya maelezo, kwa Kifaransa safi, ukionyesha ni karatasi ipi ina sura ipi. Barua ya namna hiyo haihitaji maneno makubwa. Inahitaji tu kwamba afisa asibaki na swali.

Tofauti inapokuwa ya herufi au ya mpangilio, barua inatosha mara nyingi. Inapokuwa ya tarehe ya kuzaliwa, au ya jina la baba au la mama, usitegemee barua. Kosa lililomo ndani ya acte ya état civil, yaani hati iliyoandikwa katika daftari la komini, husahihishwa kwa hukumu ya mahakama, na hiyo ni safari ya miezi, si ya wiki. Kamwe usimwombe mtu «akupangie» acte mpya yenye taarifa zinazolingana na pasipoti: daftari la komini linabaki na maandishi yake ya zamani, na siku ukaguzi utakapofika huko, karatasi yako itakuwa haina mzazi.

Hatua ya 3: Acte za kuzaliwa

Mzazi wa Lubumbashi akiulizwa cheti cha kuzaliwa cha mtoto, mara nyingi hutoa karatasi ya maternité, yenye jina la mkunga, uzito wa mtoto na muhuri wa hospitali. Karatasi hiyo ni muhimu na itunzwe, lakini ni ushahidi tu kwamba mtoto alizaliwa mahali hapo. Acte de naissance hutolewa na afisa wa état civil wa komini baada ya mzazi kumtangaza mtoto. Sheria ya familia ya mwaka 1987, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inampa mzazi siku 90 za kufanya hivyo. Baada ya muda huo komini haiwezi tena kuandika peke yake, na inabidi kupita mahakamani.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18, ombi hupelekwa tribunal pour enfants. Mzazi, au ndugu mwenye procuration, yaani hati ya kumwakilisha, kutoka kwa mzazi aliye ng'ambo, hupeleka maombi pamoja na karatasi ya maternité na mashahidi. Mahakama hutoa jugement supplétif, yaani hukumu inayoziba pengo la mtoto ambaye hakutangazwa kwa wakati. Muda wa rufaa ukipita bila mtu kukata rufaa, ofisi ya karani hutoa certificat de non-appel. Na kwa karatasi hizo mbili, afisa wa état civil huandikisha na kutoa acte. Zote tatu ziingie katika faili, kwa mfuatano huo. Kutuma acte peke yake, ikiwa na tarehe ya mwezi uliopita kwa mtoto wa miaka 11, kunamfanya msomaji aanze kujiuliza kwa nini imetengenezwa sasa.

Kwa sababu hiyohiyo, kusanya vitu vya zamani ambavyo hakuna aliyeviandaa kwa ajili ya uhamiaji. Kadi ya chanjo iliyokunjwa mara nne, yenye mihuri ya kituo cha afya na uzito wa mtoto ukipanda mwezi kwa mwezi kwa kalamu za rangi tofauti, ina nguvu kuliko viapo vingi vya wiki iliyopita. Vivyo hivyo bulletin za shule ya msingi, karatasi ya ubatizo, na stakabadhi za fedha ulizotuma kwa ajili ya ada. Mwambie anayekutafutia vitu hivyo avipige picha kwa rangi, pande zote mbili, mwanga ukiwa wa mchana.

Faida moja tunayo, na tusiisahau: karatasi zetu ziko kwa Kifaransa, ambayo ni lugha rasmi ya Kanada, kwa hiyo hatugharamii tafsiri.

Hatua ya 4: Kutaja kila mtoto na kila mwenzi

Ikiwa utasoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, isome hii. Ombi la makazi ya kudumu linakutaka umtaje mume au mke wako na kila mtoto wako anayekutegemea, yaani aliye chini ya miaka 22 na asiye na mwenzi, hata kama hakusudii kuja nawe, hata kama anaishi na mama yake Kamalondo na hamjaonana kwa miaka. Wote wanapaswa kupimwa afya na kukaguliwa. Kanuni za uhamiaji za Kanada, katika kifungu cha 117(9)(d), zinasema kwamba mwanafamilia ambaye hakutajwa na kukaguliwa wakati ule mzazi anapopata makazi ya kudumu hatahesabiwa baadaye kuwa mtu wa familia anayeweza kudhaminiwa. Baba anayemficha mtoto wa nje ili mke asijue, au kwa sababu rafiki amemwambia kwamba faili nyepesi huenda haraka, anaweza kuwa amemfungia mtoto huyo njia ya kumfuata.

Umri wa mtoto hufungwa siku ombi kamili linapopokelewa. Anayekaribia kutimiza miaka 22 ndiye anayepaswa kuamua kasi ya faili zima. Akizaliwa mtoto, au ukifunga ndoa, baada ya kutuma ombi na kabla ya kupata hadhi mpya, iarifu wizara ya uhamiaji ya Kanada mara moja. Na ikiwa mtoto aliye chini ya miaka 18 atakuja nawe huku mzazi wa pili akibaki Kongo, mzazi huyo hujaza tamko la idhini, fomu IMM 5604, na huambatanisha nakala ya kitambulisho chake. Suala hili lizungumzwe mapema na kwa heshima kati ya familia mbili. Idhini inayoombwa kwa simu usiku wa siku ya 58 hugeuka kuwa mazungumzo ya madeni ya zamani.

Upande wa pili wa jambo hili ni watoto ambao si wako kwa sheria ya Kanada. Kwetu, mtoto wa kaka aliyefariki ni mtoto wangu; ananiita baba, na anayeuliza zaidi ya hapo anatafuta maneno. Kanada inamtambua mtoto wa kuzaa na mtoto aliyeasiliwa kisheria, na afisa mwenye mashaka anaweza kuomba kipimo cha DNA. Kumwandika mpwa kuwa mtoto wa kuzaa ni udanganyifu, na kifungu cha 40 cha sheria ya uhamiaji kinamzuia aliyedanganya kwa miaka 5, pamoja na kuhatarisha wale wote walio katika faili. Njia halali ipo: ukishakuwa mkazi wa kudumu, unaweza kumdhamini ndugu, mpwa au mjukuu aliyefiwa na wazazi wote wawili, akiwa na umri chini ya miaka 18 na hajaoa wala kuolewa. Vyeti vya kifo vya wazazi hao, kwa hiyo, vitafutwe sasa, wakati mashahidi bado wapo.

Kuhusu ndoa, mambo mawili huwakwamisha watu wetu. La kwanza ni ndoa ya kifamilia iliyoishia kwenye dot, yaani mahari, bila kuandikishwa: sheria ya Kongo inataka ndoa iliyofungwa katika familia iandikishwe na afisa wa état civil, na bila acte de mariage utapata taabu kuithibitisha. La pili ni ndoa iliyofungwa huku bwana harusi akiwa Kanada na kuwakilishwa na mdogo wake. Tangu Juni 11, 2015, Kanada haitambui kwa ajili ya uhamiaji ndoa ambayo mmoja wa wanandoa hakuwepo kimwili, hata ikiwa ni halali mahali ilipofungwa. Sherehe inaweza kuendelea kama wazee wanavyotaka, lakini mbele ya afisa wa état civil muwepo wote wawili, tikiti ya ndege iwe imenunuliwa kwa ajili hiyo.

Hatua ya 5: Cheti cha mahakama na polisi

Utatakiwa kutoa cheti kinachoonyesha kama una rekodi ya makosa kutoka kila nchi, isipokuwa Kanada yenyewe, uliyoishi kwa miezi 6 mfululizo au zaidi katika miaka 10 iliyopita, tangu ulipotimiza miaka 18. Kwa Kongo ni extrait de casier judiciaire, inayoombwa kwenye parquet, ofisi ya waendesha mashtaka. Ndugu mwenye procuration anaweza kuifuatilia. Ikiwa hukurudi kuishi Kongo tangu ulipoondoka, inatosha iwe imetolewa baada ya kuondoka kwako, kwa hiyo hakuna haja ya kungoja mwaliko.

Watu wa Lubumbashi wana tatizo lao hapa, kwa kuwa wengi tumepitia kusini. Aliyefanya biashara Ndola kwa mwaka mmoja atahitaji cheti cha polisi ya Zambia, na aliyesoma Johannesburg atahitaji cha polisi ya Afrika Kusini. Kuvuka Kasumbalesa kila wiki na kulala nyumbani hakuhesabiwi kuwa kuishi.

Hatua ya 6: Lugha, pointi na profaili

Hakuna msamaha wa mtihani kwa sababu ulisoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi. Unafanya mmoja wa mitihani ya Kifaransa, TEF Canada au TCF Canada, na matokeo hudumu miaka 2. Kwa kazi za ngazi 0 na 1 unahitaji kiwango cha 7 cha NCLC, kipimo cha Kanada cha kujua Kifaransa, katika kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza; kwa ngazi 2 na 3 unahitaji NCLC 5. Ushauri wangu ni kulenga 7 katika vyote vinne bila kujali ngazi ya kazi, kwa sababu tangu mwaka 2023 serikali ya Kanada hutoa mialiko maalumu kwa wanaojua Kifaransa kwa kiwango hicho, na mara nyingi pointi zinazotakiwa katika mialiko hiyo huwa chini sana kuliko za wengine. Mtu wetu aliyezoea kuongea vizuri hupoteza alama katika kuandika na katika kusikiliza lafudhi ya Québec. Ajizoeze kwa redio na kwa kuandika dakika zikihesabiwa.

Kiingereza pia kinalipa. Mwenye NCLC 7 ya Kifaransa hupata pointi 25 za nyongeza, na zinakuwa 50 ikiwa Kiingereza chake kimefika kiwango cha 5, ambacho aliyekaa Toronto au Winnipeg miaka michache anakiweza. Diploma ya UNILU au ya chuo kingine cha Kongo haiingii katika hesabu hadi ifanyiwe tathmini na taasisi iliyoidhinishwa. Katika programu hii tathmini si sharti, ila huongeza pointi. Pointi za barua ya ajira ziliondolewa Machi 25, 2025, kwa hiyo anayekuuzia barua ya kazi kwa ahadi ya pointi anakuuzia karatasi tupu.

Profaili ukishaiweka hudumu miezi 12. Kila kilichomo ndani yake kiwe kile utakachoweza kukithibitisha baadaye kwa karatasi.

Hatua ya 7: Siku 60

Mwaliko ukifika, saa imeanza. Ikiwa karatasi muhimu bado haijapatikana, ni afadhali kuukataa mwaliko na kurudi kwenye orodha kuliko kutuma faili lenye pengo; kwa karatasi ndogo iliyochelewa, ambatanisha barua ya maelezo na ushahidi kwamba umeiomba.

Kwa kazi, unahitaji barua ya kila mwajiri, yenye nembo ya kampuni na sahihi, inayotaja cheo, tarehe, saa kwa wiki, mshahara na majukumu yako halisi. Majukumu ndiyo yanayosomwa zaidi, kwani afisa huyalinganisha na maelezo ya kazi hiyo katika orodha ya taifa; cheo kizuri bila majukumu hakikusaidii. Ongeza fomu za T4, zinazotolewa na mwajiri kuonyesha mshahara wa mwaka, na avis de cotisation za kodi.

Historia yako ya miaka 10 isiwe na mwezi uliokosekana. Miezi uliyokaa nyumbani bila kazi baada ya diploma iandikwe hivyo hivyo, «bila ajira», pamoja na mji uliokuwa. Katika anwani za Lubumbashi weka namba, avenue, quartier na komini. Kila hati ipigwe skana ya rangi na iwe faili moja lisilozidi megabaiti 4, lenye jina linaloeleweka.

Ada ya mtu mzima ilikuwa dola 1,525 za Kanada kuanzia Aprili 30, 2024, ikijumuisha ya kushughulikia ombi na ya haki ya makazi, na kiwango hurekebishwa kila baada ya miaka 2. Tazama tovuti ya wizara siku ya kulipa. Alama za vidole hulipiwa dola 85 kwa mtu mmoja, na mtoto aliye chini ya miaka 14 hazihitaji. Tangu Agosti 21, 2025, kipimo cha afya hufanywa kabla ya kutuma ombi, na kwa daktari aliye katika orodha ya wizara peke yake; daktari wako wa kawaida, hata awe hodari namna gani, majibu yake hayapokelewi. Watoto walio Lubumbashi, ikiwa daktari wa orodha hiyo hayupo mjini humo, wapangiwe safari yao ya kipimo mapema, kwani gharama ya ndege ya ndani ya Kongo inaweza kuzidi ya daktari.

Neno kuhusu mawakala. Ombi hili mtu anaweza kulijaza mwenyewe, na tovuti yote ipo kwa Kifaransa. Ukitaka kumlipa mtu, awe wakili wa Kanada, notaire wa Québec, au mshauri aliyesajiliwa na Collège des consultants en immigration et en citoyenneté, ambaye jina lake hutafutwa bure katika daftari la chombo hicho. Mtu wa Lubumbashi anayesema ana «njia» ndani ya ubalozi hana njia yoyote, na sahihi iliyo mwisho wa fomu ni yako, hata kama yeye ndiye aliyeijaza.

Hatua ya 8: Kungoja bila kupoteza hadhi

Lengo la wizara kwa Entrée express ni miezi 6, lakini kungoja kunaweza kurefuka, na kutuma ombi pekee hakukupi haki ya kubaki kazini. Kibali chako kikikaribia kuisha baada ya ombi kupokelewa, omba permis de travail ouvert transitoire, kibali cha kazi cha kipindi cha kungoja, kabla ya tarehe ya mwisho.

Kuna mtego wa pasipoti ambao unawapata Wakongo wengi: kibali cha kazi baada ya masomo hakitolewi kupita tarehe ya mwisho ya pasipoti. Mwenye haki ya miaka 3 ambaye pasipoti yake imebakiza miezi 14 atapewa miezi 14. Akipata pasipoti mpya anaweza kuomba muda uliobaki, ila afanye hivyo kibali cha kwanza kikiwa bado hai.

Hatua ya 9: Baada ya kukubaliwa

Uthibitisho huja kwa njia ya mtandao, kisha kadi hutumwa kwa posta katika anwani ya Kanada. Usiruke kwenda kuwaona wazazi kabla kadi haijafika. Bila kadi hiyo shirika la ndege litakuzuia kurudi, na utalazimika kuomba titre de voyage, hati ya safari ya mkazi wa kudumu, ukiwa Kongo. Kadi hudumu miaka 5, na katika kila miaka 5 unatakiwa kuwa umekaa Kanada kwa siku 730 angalau. Anayefungua biashara Lubumbashi na kugawa mwaka kati ya nchi mbili aziandike siku zake katika daftari na kutunza mihuri ya pasipoti.

Uraia ni ombi jingine. Linataka siku 1,095 ndani ya miaka 5, na kila siku uliyoishi kwa kibali cha muda huhesabiwa nusu, hadi kufikia siku 365. Kabla ya kuliingia, fikiria Kongo: kifungu cha 10 cha Katiba ya mwaka 2006 kinasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchangamani na mwingine, kwa hiyo anayeapa kuwa Mkanada huupoteza, na atakuja kuzika wazazi wake kwa viza. Makazi ya kudumu hayagusi uraia wako hata kidogo. Wenye kiwanja, kesi ya urithi au nia ya kugombea nafasi nyumbani huamua mara nyingi kubaki hapo, wakisasisha kadi kila miaka 5 na pasipoti ya Kongo mapema kabla haijaisha.